Nyumba ya Siku Chache: Maelezo kwa Wajengao Mabanda ya Maonyesho

Kila mwaka inapokaribia Sabasaba, viwanja vya maonyesho vilivyo kando ya Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, huvuma sauti za nyundo na misumeno, na si machache mabanda ya majuma mawili tu yajengwayo kwa mbao mpya na turubai mpya kana kwamba mwenyewe ana nia ya kuyarithisha kwa wajukuu. Maonyesho yakiisha, hufika watu wenye mitaimbo. Asimamaye karibu huona msumari wa inchi 4 ukivutwa kwa nguvu, nao ukitoka na nyama ya ubao, hata ubao ulionunuliwa juzi kwa fedha nyingi ukapasuka toka ncha hata ncha, usifae tena ila kwa kuni. Hiyo ni israfu, na kijitabu hiki kimeandikwa ili mwenye banda, seremala wake na mchora ramani wapate kuona kuwa yaepukika, maadamu siku ya kubomoa itafikiriwa siku ile ile ya kuchora.

Fikra hii si ngeni. Mwaka 1851, katika bustani ya Hyde Park mjini London, Joseph Paxton, ambaye kazi yake ya asili ilikuwa kutunza bustani na nyumba za vioo za kukuzia mimea, alisimamisha jumba la maonyesho la chuma na vioo lenye urefu wa mita 563 hivi, na vioo vyake vilikaribia 300,000. Kwa kuwa vipande vyake vilifanana kimoja na kingine, kazi ilikwisha kwa miezi michache. Maonyesho yalipofungwa, jumba likafunguliwa kipande kwa kipande, likapelekwa Sydenham, likajengwa tena kwa umbo kubwa zaidi na kufunguliwa mwaka 1854, likadumu hadi lilipoteketea kwa moto mwaka 1936. Hata miti mikubwa iliyokutwa pale Hyde Park haikukatwa, bali paa liliinuliwa juu yake.

Lakini mfano tuupendao zaidi ni wa Hannover, Ujerumani, katika maonyesho ya dunia ya mwaka 2000. Huko Peter Zumthor aliijengea Uswisi banda la boriti zilizopangwa moja juu ya moja, kama wafanyavyo wauza mbao wanaotaka mbao zao zikauke, pasi na gundi wala msumari. Boriti zile zilibanwa kwa vyuma vyembamba vyenye springi, ili kila mti ulivyokauka na kusinyaa, springi iendelee kuvuta na ukuta usilegee. Miezi ile ya maonyesho ikawa ndiyo miezi ya kukausha mbao, na mwisho wake zikauzwa zikiwa tayari kwa kazi nyingine. Hapo hapo Hannover, Shigeru Ban wa Japani alijenga ukumbi wa mabomba ya karatasi yaliyofungwa kwa tepe za kitambaa, juu ya misingi ya masanduku yaliyojazwa mchanga, kusudi karatasi ile irudi kiwandani ikafanywe karatasi tena.

Msomaji wa pwani atatambua kuwa ilimu ya kufunga badala ya kupigilia ni ya nyumbani kwao. Makumbi ya nazi hufukiwa katika mchanga wa pwani hata yaoze, yakapondwa, na usumba wake ukasokotwa kamba. Kwa kamba hiyo fundi hufunga pau juu ya kombamoyo, akizungusha na kukaza kwa uzito wa mwili wake, kisha akapanga makuti ya viungo kutoka chini kwenda juu. Siku ya kuvunja, kisu kimoja hukata kamba, na mti hubaki mzima kama ulivyoletwa. Pasipofaa kamba, tumia boliti na nati, au parafujo; misumari iwe ya mwisho kabisa.

Walakini tahadhari mbili ni za lazima. Boriti za mikoko zisifuatwe, kwani misitu hiyo ni ngome ya fukwe zetu na mazalio ya samaki. Mivinje ya kupandwa na mianzi iliyotiwa dawa ya kuzuia dumuzi hutosha kabisa kwa banda. Tena makuti hushika moto upesi, hivyo banda na banda lipewe nafasi, nyaya za umeme zisipitishwe darini, na mchanga na maji viwe karibu.

Yafaa pia kujua kuwa mwezi wa Juni na Julai jua la adhuhuri, kwa sisi wa Dar es Salaam, hukaa upande wa kaskazini, na upepo ni wa kusi. Banda lenye upenu mpana kaskazini na uwazi mkubwa kusini hupoa lenyewe, wala halihitaji mashine ya kupoza hewa. Nasi twasikitika kila tuonapo sanduku la plastiki lililozibwa pande zote likinguruma mashine mchana kutwa, ilhali upepo wa bure wapita nje ya mlango.

Ama sakafu ya zege, haina nafasi katika nyumba ya siku chache. Kuoka saruji kwahitaji joto la nyuzi 1,450 hivi, na mawe ya chokaa yafanyiwayo saruji yakiungua hutoa hewa ya ukaa, hata saruji peke yake ikahesabiwa kutoa karibu asilimia 8 ya hewa hiyo itokanayo na kazi za wanadamu. Mbao juu ya magunia ya mchanga zatosha, nayo magunia yawe mazito na yafungwe barabara na nguzo, kwa kuwa kusi huinua paa jepesi.

Mwisho, kila kipande kiandikwe namba kwa rangi mahali pasipoonekana, na namba hizo ziandikwe katika ramani, nayo ramani ihifadhiwe pamoja na mbao ghalani, ili fundi wa mwaka ujao, ambaye huenda asiwe yule wa mwaka huu, aweze kulisimamisha banda bila kumwuliza mtu.