Nithibitishe vipi kwamba mimi si wao?

*Mama, nina miaka 21, tunakaa Kituku, karibu na bandari, na mama yangu anauza samaki wadogo wa sambaza pale. Sisi ni Wahavu wa Minova, upande wa baba na wa mama. Lakini Mungu aliniumba mrefu, na pua yangu ni nyembamba, kwa hiyo watu hunidhania Mtutsi. Nasoma mwaka wa pili kwenye chuo kikuu kimoja hapa Goma. Tangu vita viingie mjini, wenzangu wamebadilika. Nikiingia darasani wanapunguza sauti. CP, mkuu wa darasa letu, alipotugawa vikundi vya TP (kazi za vitendo), kikundi changu kilinikataa. Jioni yake mtu akaweka picha yangu kwenye WhatsApp ya darasa na kuandika: "Angalieni pua hiyo, mniambie imetoka wapi." Nikaonyesha kadi yangu ya uchaguzi, imeandikwa Kalehe. Wakasema kadi zinanunuliwa. Kwa hasira nikaandika kwamba mimi si wao, na kama wanatafuta Mtutsi, yuko mmoja anayeketi mstari wa mbele, wamuulize yeye. Sasa wameniacha kidogo, ila yule dada hajaonekana masomoni wiki nzima. Nifanye nini ili waamini kabisa kwamba mimi ni Mhavu? Hata kaka yangu anayesoma Kinshasa anaitwa Mnyarwanda kwa sababu tu anaongea Kiswahili. Tumechoka, Mama. — Binti wa Kituku*

Binti yangu, pole sana. Sura yako kuzungushwa kwenye simu za watu kama picha ya mwizi ni jeuri, na aliyefanya hivyo amekukosea wewe na mzazi wako anayeamka alfajiri kusubiri wavuvi ili ulipe masomo.

Lakini swali lako la mwisho sitalijibu kwanza. Jambo la kwanza ni yule dada: yuko wapi? Leo hii, kabla ya kufikiri juu ya jina lako, tafuta mtu anayemfahamu na kumheshimu, uulize kama yuko salama. Usiulize kwenye WhatsApp ya darasa. Uliandika maneno yale kwa uchungu, naelewa, ila katika mji huu maneno kama hayo hayaishii kwenye simu. Novemba 2023, hapa hapa Goma, kundi la watu lilimuua afisa wa jeshi la taifa na kumchoma moto, kwa sababu alikuwa Mtutsi. Kulitumikia jeshi la nchi hii hakukumkinga. Sasa wewe umemwonyesha kidole msichana mmoja, ukataja hata mstari anaoketi.

Nasema hivyo bila kukudharau. Ulikuwa umebanwa, ukatafuta mlango, na mlango uliouona ulikuwa mgongo wa mwenzako.

Uangalie pia kama mlango huo unafunguka kweli. Ulitoa kadi, wakasema imenunuliwa. Ukileta baba yako watasema hakukuzaa. Ukiongea Kihavu watasema umejifunza. Kaka yako alifika Kinshasa na kadi ileile ya Kalehe, na huko Kiswahili chake, ambacho hapa Goma ni cha kila mtu, kimetosha kumfanya mgeni. Waulize wazee waliotoka Katanga. Mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasai waliokuwa wamezaliwa na kusoma kule waliitwa bilulu, yaani wadudu, kisha wakafukuzwa kwa malaki, na wengi wakakaa kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni ambayo haifiki. Hao hakuna aliyesema ni Wanyarwanda. Walikuwa Wakongomani, na haikuwasaidia kitu. Anayetaka kukufukuza hakosi sababu, na ukishakubali kwamba ana haki ya kukuuliza, atauliza tena kesho.

Hiyo elimu ya kusoma pua nayo ina wenyewe. Mwingereza John Hanning Speke aliandika katika kitabu chake cha 1863 kwamba watawala warefu wa maziwa haya ni kizazi kilichotoka kaskazini. Wabelgiji walioitawala Rwanda wakaliamini jambo hilo, wakapima watu vichwa na pua, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 wakaanza kuandika kabila kwenye vitambulisho. Inaniumiza kwamba vijana wanaosoma sheria na uchumi, ambao kesho ndio watakuwa mahakimu wetu, wanarudia kipimo hicho kwa simu.

Na tuseme darasa lako lingekuwa sahihi, ungekuwa Mtutsi kweli. Ungekuwa umekosa nini? Wakoloni walipokata mpaka mwaka 1910, watu wa Bwisha wanaoongea Kinyarwanda walikutwa wako upande huu wa Kongo. Kuanzia 1937 Wabelgiji wenyewe walihamisha familia kutoka Rwanda na kuziweka Gishari, huko Masisi. Sheria ya 1972 ikawapa wengi wao uraia, ile ya 1981 ikawanyang'anya, ile ya 2004 ikasema kwamba mtu wa kabila lililokuwa hapa wakati wa uhuru ni Mkongomani wa asili. Yule dada wa mstari wa mbele ana haki ya kuketi pale kama wewe.

Wenzako wana uchungu, na siudharau. Wapo waliopoteza nyumba, wapo waliozika ndugu bila kujua nani alifyatua. Kuilaumu serikali yoyote, jeshi lolote au kundi lolote la silaha kwa vita hivi ni haki ya raia. Lakini msichana wa miaka ishirini mwenye daftari mkononi si jeshi. Nayasema hayohayo kwa wale ambao, tangu vita viingie mjini Januari 2025, wanamtazama kijana kwa lugha ya nyumbani kwao na kumwita mpiganaji wa FDLR au wa Wazalendo. Ni ugonjwa uleule, umegeuziwa tu watu wengine.

Sasa la kufanya. Andika kwenye kundi lilelile la WhatsApp, kwa ufupi: "Niliyoyasema juu ya mwenzetu nayafuta. Hapa hatuulizani kabila." Usimtaje tena jina wala kiti, na watakaokutukana usiwajibu. Hifadhi picha za ujumbe ule wote. Nenda kwa katibu wa fakulti pamoja na wanafunzi wawili wa jamii nyingine, Mnande na Mshi kwa mfano, ili isionekane ni kesi ya kabila moja. Nchi hii ina sheria inayoadhibu ubaguzi wa rangi na wa kikabila tangu tarehe 7 Juni 1966, na katiba, ibara ya 13, inakataza kumbagua mtu katika elimu kwa ajili ya kabila. Yataje hayo kwa utulivu.

Ila sikia vizuri: usilipeleke jambo hili kwa mtu yeyote mwenye bunduki, wa upande wowote, hata akiwa jirani au mjomba. Ukimshtaki kwake yule aliyeweka picha yako, huenda kesho yeye ndiye atakayekosekana darasani, na mama yake atakuja kulia pale pale bandarini kwenu.

Mutuele yenu ya Wahavu, chama chenu cha kusaidiana, itataka kukutetea. Washukuru. Mutuele zinawapokea wanafunzi wapya, zinawatafutia chumba, zinazika, na hayo ni mema. Lakini zikianza kugawa hata vikundi vya TP, mzikatalie.

Yule dada akirudi, ketini pamoja. Atakuwa na haki ya kukunyamazia, umvumilie.

Na wewe CP wa darasa hilo, ambaye rafiki zako watakusomea barua hii: vikundi vya TP unavipanga wewe. Vipange upya kwa alfabeti kabla ya somo lijalo, na atakayemkataa mwenzake mwambie afanye kazi peke yake.