Kutunga Mifano ya Amri za Kompyuta

Mara nyingi tumewaona wanachuo wakikariri maelezo ya amri za kompyuta, lakini wakashindwa kuzitumia. Kasoro haimo katika akili zao, bali katika mifano waliyopewa. Tuchukue amri ya cp, inayonakili faili katika mfumo wa Linux. Mfano wa "cp a b" haufundishi kitu, kwani hauonyeshi lipi ni faili la asili na lipi ni nakala. Heri mwalimu wa Bariadi, mkoani Simiyu, aandike hivi:

Kuweka akiba ya alama za Darasa la Tano kabla ya kuzisahihisha:
cp -i alama.txt akiba.txt

Hapa kusudi limetangulia, majina yanajieleza, na -i huifanya kompyuta iulize kwanza kabla ya kufuta yaliyomo katika faili lenye jina hilo. Bila -i, mwalimu akigeuza mpangilio wa majina, akiba ya zamani hufunika alama mpya, na kazi ya muhula mzima hupotea.

Zoezi: Tungeni mfano mmoja wa amri ya mv. Mpeni mwenzenu autumie bila kumweleza lolote. Akikwama, sahihisheni mfano, msimlaumu yeye.