Darsa ya Ramadhani, siku ya 12: Tusimsaidie shetani dhidi ya ndugu yetu

Alhamdulillah funga inaendelea. Leo tuongee wazi jambo ambalo tumezoea kulinong'ona: kamari. Nasema kubeti kwenye simu, na lile dubwi la sarafu ya mia mbili pale senta.

Hukumu yake haina utata. Suratul Maida, aya ya 90 na 91, imeitaja kamari pamoja na ulevi, ikaiita uchafu katika kazi ya shetani. Ikaeleza na madhara: inatia uadui na chuki kati ya watu, na inawazuia na dhikri na swala. Tunayaona haya. Tarawehe haijaisha, kijana keshatoka kukimbilia banda umiza, akaone mkeka wake umechanika au bado unaishi.

Sasa huku kwetu kuna swali la wachimbaji, kuanzia Nyarugusu na Rwamagasa mpaka Kakola. Wanasema: "Shehe, mbona hata duara ni bahati? Unaweza kuchimba miezi sita usione kitu." Swali zuri. Jibu ni kwamba kutojua utapata nini siyo kamari. Mkulima naye hajui mvua. Duarani kuna jasho, na dhahabu ikitoka ni mali mpya, haijaporwa mfukoni mwa mtu, na mgao wake mmekubaliana. Kwenye kamari hakuna kilichochimbwa. Ukila, umekula cha aliyeliwa. Ukiliwa, kuna mwenzio anashangilia.

Tena mchezo umepangwa mwenye mashine asipoteze. Chukua mfano wa mashine inayorudisha 80 katika kila 100. Umeingia na 10,000, ukawa unachezesha tena kila unachopata. Kwa wastani mzunguko wa kwanza unabaki na 8,000, wa pili 6,400, wa tatu 5,120, wa tano kama 3,300 hivi. Siku moja moja utakula, ndiyo, na hicho ndicho chambo. Lakini kadiri unavyokaa ndivyo unavyokwisha.

Mwingine atasema, "Mbona hizi kampuni zinasaidia mpira?" Ni kweli, mwaka 2017 SportPesa iliingia kuwadhamini Simba na Yanga. Lakini wafasiri wa Qur'ani wanaeleza kwamba hata Waarabu wa zama za ujinga walichezea kamari nyama ya ngamia, na washindi wakiwapa masikini ile nyama. Suratul Baqara aya ya 219 haikukataa kwamba kuna manufaa. Ilisema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake.

Hayo wengi tunayajua. Linalotushinda ni hili: *yule aliyekwisha nasa tunamfanyaje?*

Imepokewa katika Bukhari kwamba mtu aliletwa kwa Mtume ﷺ kwa kosa la ulevi, akaadhibiwa. Alipoondoka, mmoja akamwombea Allah amfedheheshe. Mtume ﷺ akakataza, akawaambia wasimsaidie shetani dhidi yake. Ona, adhabu ilipita, lakini matusi yalizuiwa. Sisi tunafanya kinyume. Hatumsaidii kuacha, ila jina la "mcheza kamari" tumeshampa mtaa mzima.

Shirika la Afya Duniani linahesabu uraibu wa kamari kuwa ni ugonjwa. Uingereza kuna shirika la hisani linaitwa GamCare, lilianza mwaka 1997. Mtu anapiga simu bure, anasikilizwa, anapewa ushauri. Mkewe au mzazi wake naye anasaidiwa, na vijana wanafundishwa kabla hawajanasa. Kazi hiyo haihitaji jengo la ghorofa. Jamaa ya msikiti inaiweza:

1. *Mshike pembeni, usimseme hadharani.* Muulize anadaiwa kiasi gani na nani. Siri ya deni ndiyo inayomrudisha mchezoni, akitaka kurudisha alicholiwa.

2. *Usimpe pesa mkononi.* Ukiweza kumsaidia deni, mlipe anayemdai. Na kwa madhehebu yetu ya Shafi, aliyekopa kwa ajili ya maasi hapewi zaka ya wenye madeni mpaka atubie. Kwa hiyo toba kwanza, kisha tumbebe.

3. *Ziba njia.* Afute programu za kubeti. Siku ya mgao, pesa ishikwe na mke au mama kwa makubaliano yake mwenyewe. Njia ya kwenda nyumbani ibadilike, isipite kwenye dubwi.

4. *Usimwache baada ya wiki moja.* Akianguka, mrudie. Hali ikizidi, nenda naye hospitali ya mkoa, au Bugando kule Mwanza, muulizie huduma ya afya ya akili. Akitamka kwamba bora afe, usimwache peke yake hata saa moja, na hospitali iwe siku hiyo hiyo.

Na wewe uliyenasa, unayesoma hapa kimya kimya: mlango wa toba uko wazi, na huu ni mwezi wake. Usisubiri ule kwanza ndipo uache. Ulicholiwa kimekwenda. Okoa kilichobaki: swala yako, mkeo, ada ya watoto.

*Kazi ya leo:* Bukhari na Muslim wamepokea kwamba anayemwambia mwenzake "njoo tucheze kamari" atoe sadaka. Huyo ni wa kualika tu. Basi kama umewahi kumtumia mtu mkeka, toa sadaka leo kabla ya futari. Na kila mmoja wetu amtafute ndugu mmoja anayemjua, afuturu naye. Siku ya kwanza usimhubirie. Kula naye tu.

Allah atukubalie funga zetu, awafungue waliofungwa na uraibu, azihifadhi nyumba zetu. Amin.