Dondoo muhimu: Kushusha pikipiki ya safari kwa mbele

Usikate springi. Tia jeki imara chini ya fremu, tairi la mbele liendelee kugusa sakafu. Legeza boliti za vibanio vya juu na chini vinavyoshika shokapu, kisha teremsha jeki polepole ili bomba za shokapu zitokeze juu ya kibanio cha juu. Milimita 5 kwanza, pande zote mbili sawa. Pima kwa rula, macho hudanganya.

Kaza kwa spana ya kupimia, kwa kiwango cha kitabu cha pikipiki hiyo. Ukizidisha nguvu, bomba hubonyea na shokapu hukwama.

Geuza usukani mwisho kulia na kushoto: waya zisivutike, bomba zisiguse kitu. Hakikisha pia tairi likipanda mpaka mwisho halifiki kwenye rejeta.

Shusha na nyuma kwa kulingana, la sivyo usukani unakuwa mwepesi mno kwenye lami ya barabara ya Namanga. Ukishusha mbele na nyuma, stendi ya pembeni inabaki ndefu, na pikipiki yenye mizigo inaweza kuanguka upande wa pili.

Na kama njia yako ni mawe, kama ya Ngarenanyuki, pikipiki iliyoshushwa hugonga chini kwa urahisi; mimi ningepunguza sponji ya kiti tu ili miguu ifike chini.