Minyoo kwenye perege wa Eyasi

*Daktari, hapa Baray tunakula sana perege wa Ziwa Eyasi. Juzi nilipasua mmoja nikakuta minyoo miwili imejikunja karibu na moyo. Wenzake tulikuwa tumeshawala. Je, wanangu watadhurika?*
*Mama, Karatu*

Pole mama. Kama samaki hao waliiva hadi ndani, ondoa hofu: mnyoo aliyepikwa amekufa. Yaelekea uliowaona ni lava wa Contracaecum, wanaojulikana pia kwa perege wa Ziwa Naivasha, Kenya. Mnyoo huyu hukomaa tumboni mwa ndege wala samaki, kama mwari na mnandi, na mayai yake hurudi ziwani na kinyesi chao. Kwa hiyo usimlaumu muuzaji. Samaki wa baharini nao wana ndugu yake, Anisakis, anayewaumiza walaji wa samaki mbichi.

Toa matumbo mapema, samaki akiwa bado mbichi kabisa. Mpike mpaka nyama iachane na mfupa, hasa mgongoni kwenye unene. Kumwanika juani au kumpaka chumvi kidogo hakutoshi.

Msinywe dawa ya minyoo kwa ajili ya hili. Lakini aliyekula samaki asiyeiva kisha akashikwa na tumbo kali au kutapika, aende zahanati siku hiyohiyo na aseme alichokula.