Kumfungulia Mlango Mteja wa Mbali

Seva iliyoandikwa kwa lugha ya Java yaweza kuwekwa ndani ya programu nyingine. Programu ikianza kazi, seva nayo huanza. Mteja ni programu inayoiomba seva huduma. Njia mojawapo ya kuiomba kutoka mbali ni RMI, iliyoingizwa katika Java 1.1 mwaka 1997.

Chukua mfano wa programu ya alama za mitihani katika kompyuta ya shule yenye anwani 192.168.1.20. Mteja aliyemo katika kompyuta hiyo hiyo huhudumiwa, bali wa kompyuta ya pili hukataliwa. Sababu zaweza kuwa tatu.

Kwanza, anwani ya kusikilizia. Anwani 127.0.0.1 maana yake ni "kompyuta hii hii". Seva iliyofungwa hapo haisikii wito wa nje. Yapasa isikilize kwenye 192.168.1.20, au 0.0.0.0, yaani anwani zote za kompyuta hiyo.

Pili, namba ya lango. Daftari la RMI kwa kawaida hutumia lango 1099, lakini huduma yenyewe, isipopangiwa lango, hupewa lolote lililo wazi. Ukuta wa kinga ukiruhusu 1099 peke yake, mteja hulisoma daftari kisha hukwama. Dawa ni kuipangia huduma namba maalumu na kuiruhusu.

Tatu, anwani anayopewa mteja. Daftari humwelekeza mahali huduma ilipo. Akielekezwa 127.0.0.1, ataitafuta huduma ndani ya kompyuta yake mwenyewe! Hurekebishwa kwa kutaja anwani sahihi katika java.rmi.server.hostname kabla ya huduma kutangazwa.

Hata hivyo, mlango uliofunguliwa haumtambui mwalimu wala mwizi. Mwaka 2015 wataalamu walionyesha kwamba data ya hila, inapogeuzwa kuwa vitu vya Java, yaweza kuifanya seva itii amri za mshambuliaji. Java 9, ya mwaka 2017, iliongeza vichujio vya data hiyo. Basi yafunguliwe malango yanayohitajika tu, kwa kompyuta zinazojulikana, na mawasiliano yafichwe kwa msimbo; la sivyo alama za wanafunzi zaweza kusomwa au kubadilishwa.

Maswali
1. Kwa nini jaribio lililofaulu katika kompyuta yenye seva halithibitishi kwamba mteja wa mbali atahudumiwa?
2. Mteja amelisoma daftari, lakini huduma haipatikani. Taja sababu mbili.