KAMBA WA BARIDI NA SOSI YA KUCHOVYA: HESABU KILO INAYOBAKI, SIO KILO ULIYONUNUA

Somo la leo ni la wale wanaouza vyakula kwa simu: vitafunio vya sherehe, oda za ofisini, vitu vya kupeleka kwa bodaboda. Nitawapa pishi zima la kamba wa baridi na sosi yake, vipimo na hesabu. Ila kwanza niwaambie ilivyonigharimu, ili wewe usilipe ada niliyolipa mimi.

Oda yangu ya kwanza ilikuwa ya kicheni pati, vikombe 20. Nilikuwa nimepiga picha moja nzuri ya kamba wamening'inia kwenye ukingo wa glasi, sosi nyekundu katikati, nikaiweka status. Mteja akaniandikia usiku huohuo: "Dada, vikombe 20 Jumamosi, bei gani?"

Nikapiga hesabu haraka haraka kichwani. Kilo ya kamba pale Feri siku zile ilikuwa 20,000. Kikombe kimoja nakiwekea gramu 50. Kwa hiyo kilo moja inatoa vikombe 20, yaani kamba wa 1,000 kila kikombe. Nikaongeza sosi na kikombe chenyewe, nikamjibu kwa kujiamini: "3,000 kila kimoja." Mteja akakubali palepale, hata hakuomba punguzo. Hapo ningeshtuka. Sikushtuka.

Jumamosi alfajiri nikanunua kilo yangu moja. Nikatoa vichwa, nikamenya maganda, nikachemsha. Nikaweka kwenye mzani: gramu 420. Vikombe 8 tu! Nilirudi Feri mbio kuongeza kilo moja na nusu, na saa hizo bei ilikuwa imefika 25,000. Kamba peke yao wakafika 57,500, na oda nzima ilikuwa ya 60,000. Bado sosi, vikombe, nauli mara mbili.

Haikuishia hapo. Nikafunga vikombe kwenye boksi la kawaida la karatasi, kamba wakiwa tayari juu ya sosi, nikampa bodaboda saa 7 mchana kutoka Keko kwenda Mbezi. Foleni ikamkamata Ubungo. Alifika saa 9 na nusu. Simu ikapigwa, akaongea mama mmoja mtu mzima, shangazi wa bibi harusi: "Mwanangu, chakula cha baridi kikinifikia cha moto, nawapaje wageni?"

Sikuwa na jibu. Nikasema, "Nisamehe mama, msiwape." Nikarudisha hela yote siku ileile. Namshukuru Mungu hakuna aliyekula, maana kamba waliokaa kwenye joto masaa mawili na nusu wangeweza kulaza watu hospitali.

Tangu siku hiyo nina sheria moja, na ndiyo somo lenyewe: KABLA HUJATAJA BEI, JUA KITABAKI KIASI GANI NA BARIDI ITAGHARIMU KIASI GANI. Twende kazi.

1. KUNUNUA

Nenda asubuhi na deli lako lenye barafu. Usibebe kamba kwenye mfuko mtupu. Angalia mambo matatu: nyama iwe ngumu ukiminya, kichwa kishikane na mwili, na harufu iwe ya bahari. Kichwa kikiwa cheusi na kinalegea, au ukisikia harufu kali kama ya mkojo, achana nao hata wakikupunguzia.

Kwa vikombe nachukua saizi ya kati, ambao kilo moja inakuwa na kamba 40 hivi wakiwa na vichwa. Muulize muuzaji, "Kilo ina wangapi?" Swali hilo moja linamjulisha kuwa wewe sio mgeni, na linakusaidia kupanga idadi. Kikombe changu kina kamba 5. Mteja anahesabu kamba, hapimi gramu.

2. KUCHEMSHA

Toa vichwa, menya maganda, acha mkia tu ili mtu apate pa kushika. Pasua mgongo kidogo kwa kisu chembamba, vuta ule uzi mweusi utoke. Osha haraka, rudisha kwenye barafu.

Vichwa na maganda usitupe. Viweke kwenye sufuria na lita 2 za maji, kitunguu kimoja, nusu limau, pilipili manga kidogo na vijiko 2 vya chakula vya chumvi. Chemsha dakika 15, chuja. Hiyo supu ndiyo utakayopikia kamba, na ladha inarudi mwilini mwao.

Supu ikichemka tena, punguza moto, tumbukiza kamba. Saizi ya kati ni dakika 2 mpaka 3 tu. Usiondoke kwenda kujibu inboksi! Angalia umbo: kamba akijipinda kama herufi C na nyama ikawa nyeupe yenye wekundu, ameiva. Akijikunja mpaka akawa duara kama O, amepitiliza. Anakuwa mgumu kama raba, na tena anapungua uzito. Yaani kila dakika ya ziada unachemsha hela yako.

3. BARAFU, TENA NYINGI

Andaa beseni la maji na barafu kabla hujawasha jiko. Kamba wakiiva tu, chota uwatumbukize humo dakika 5. Hii inazuia wasiendelee kuiva ndani kwa ndani, na inawapoza haraka.

Angalizo: barafu hii inagusa chakula ambacho hakitapikwa tena. Itengeneze mwenyewe kwa maji yaliyochemshwa, au maji ya kunywa ya dukani. Barafu ya kupozea samaki sokoni iishie kwenye deli la kubebea kamba wabichi. Kisu na ubao wa kamba wabichi navyo visiguse walioiva.

Wakishapoa, chuja, kausha kwa taulo safi la jikoni, funika, weka kwenye friji yenye nyuzi 5 au chini yake. Mimi napika asubuhi ya siku ya oda, au jioni iliyotangulia. Sivuki hapo.

4. SOSI YA NYUMBANI

Huko Marekani sosi hii inatengenezwa kwa tomato sosi na mzizi mmoja mkali unaopanda puani. Mzizi huo kwetu ni wa kutafuta sana, nami sikuhangaika nao. Tangawizi na haradali zinafanya kazi hiyo vizuri.

Kwa vikombe 20 vyenye kijiko kikubwa kimoja cha sosi kila kimoja:

- Nyanya zilizoiva sana, kilo 1
- Kitunguu saumu, punje 3
- Siki, vijiko 2 vya chakula
- Sukari, vijiko 2 vya chakula
- Chumvi, kijiko 1 cha chai
- Tangawizi mbichi iliyokwanguliwa, kijiko 1 cha chakula
- Haradali ya kopo, kijiko 1 cha chakula
- Juisi ya limau au ndimu, vijiko 2 vya chakula
- Pilipili mbuzi, nusu, bila mbegu

Saga nyanya na kitunguu saumu, chuja mbegu na maganda, weka jikoni bila mafuta. Acha zichemke moto wa wastani mpaka zipungue ziwe nzito, kama theluthi ya ulichoanza nacho. Weka siki, sukari na chumvi, endelea dakika 5. Epua, iache ipoe KABISA. Ndipo uweke tangawizi, haradali, limau na pilipili. Ukiviweka ikiwa moto, ule ukali mbichi unakufa na unabaki na rojo la chipsi.

Ilaze usiku kwenye friji. Kesho yake onja ikiwa ya baridi, maana baridi inapunguza utamu na chumvi. Sosi iliyokolea ikiwa ya moto inaweza kupwaya ikipoa.

5. KUFUNGA NA KUSAFIRISHA

Sosi iende kwenye kikopo chake chenye kifuniko, kamba kwenye kikombe chao. Mteja achovye mwenyewe. Kamba akilala kwenye sosi masaa, anatoa maji na sosi inakuwa uji.

Gandisha chupa za maji za nusu lita. Panga chini ya deli, weka vikombe, panga nyingine juu. Barafu ya chupa haimwagi maji kwenye vikombe, na kesho unaigandisha tena bure. Deli likishajaa, funga kwa gundi ya karatasi na mwambie bodaboda asifungue.

Kumbuka saa. Chakula cha namna hii kikitoka kwenye baridi kisizidi masaa 2, na joto likipita nyuzi 32, saa 1 tu. Dar mchana wa Januari unaijua mwenyewe. Kwa hiyo naandika kwenye kifuniko: "Weka kwenye friji. Ukitoa, kula ndani ya saa 1." Na kila oda nauliza, "Kuna mgeni yeyote ambaye kamba au kaa wanamdhuru?" Mzio wa kamba unaweza kuziba pumzi ya mtu. Swali hilo ni la lazima.

6. HESABU YENYEWE

Hizi ni bei za oda yangu, wewe weka za sokoni kwako. Njia ndiyo muhimu. Kwangu, kilo 1 yenye vichwa na maganda inabaki gramu 400 hivi mpaka 420 ikishaiva. Kwa hiyo vikombe 20 vya gramu 50, yaani kilo 1 iliyoiva, vinahitaji kununua kilo 2 na nusu.

- Kamba kilo 2.5 kwa 20,000: 50,000
- Vitu vya sosi: 6,000
- Vikombe na vikopo vya sosi, 500 kila seti: 10,000
- Barafu na maji: 4,000
- Gesi: 2,000
- Nauli ya sokoni: 3,000
- Bando: 1,000

Jumla 76,000. Ongeza ujira wako, mimi najilipa 15,000: inakuwa 91,000. Ongeza asilimia 10 ya dharura, kamba waliopasuka na bei kupanda: 9,100. Inafika 100,100. Gawa kwa 20, kikombe kimoja kinakugharimu kama 5,000. Mimi nilimuuzia mtu kwa 3,000 nikidhani napata faida!

Sasa nauza 6,500. Oda ya vikombe 20 ni 130,000, na faida inabaki 29,900 baada ya mimi kujilipa. Usafiri ni wa mteja. Advansi ni nusu, kabla sijaenda sokoni.

Kuna watakaokwambia, "Mbona fulani anauza rahisi?" Nikupe mfano. Kasino ya Golden Gate, Las Vegas, ilianza mwaka 1959 kuuza glasi ya kamba wa baridi kwa senti 50 za Dola. Mpaka mwaka 1991 ndipo ilipopandisha ikawa senti 99. Watu walimiminika. Lakini kasino hela yake iko kwenye kamari, glasi ya kamba ilikuwa chambo cha kukuingiza mlangoni. Mimi na wewe hatuna kamari nyuma ya jiko. Kamba ndiyo biashara yenyewe. Kabla hujashusha bei kumfuata mtu, jiulize yeye hela anaipatia wapi.

7. KWENYE TANGAZO

Hotelini wanaita kokteli ya kamba. Mimi niliandika hivyo, mteja mmoja akaniuliza kama ina pombe. Siku hizi naandika wazi: "Kamba wa baridi na sosi ya nyumbani, kamba 5 kila kikombe, oda siku 2 kabla." Picha ipige kikombe kilekile utakachopeleka, sio glasi ya kuazima.

Na yule shangazi? Miezi mitatu baadaye nilimtumia ujumbe, nikamwambia nimerekebisha, nikaomba nimpelekee vikombe viwili bila malipo aonje. Alivipokea kwenye deli, akashika kikombe, akanipigia: "Eeh, hiki sasa cha baridi." Wiki iliyofuata akaagiza 30 vya sendofu. Nikamtajia 6,500. Akasema ghali. Nikamtumia orodha ya hesabu kama hii niliyowaandikia. Akalipa advansi.

Kazi ya nyumbani: chukua kitu kimoja unachouza, samaki, ndizi, embe za kukata, chochote kinachomenywa. Pima kabla ya kumenya, pima tena kikiwa tayari, kisha gawa bei uliyonunulia kwa uzito uliobaki. Niandikie kwenye komenti ulikuta nini. Na kama bei yako ya sasa ipo chini ya hapo, ibadilishe leo kabla ya oda ya kesho.